Nyumba Yenye Ua: Kasongo ya Kale na Roma ya Kale

Karibu na Kasongo, katika nchi yetu ya Maniema, kuna mahali panapoitwa Tongoni. Jina lenyewe latupa habari. Kwa Kiswahili cha zamani, tongo ni mahali palipokuwa na makao ya watu, kisha pakahamwa. Huko pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, iko Tongoni nyingine, yenye msikiti na makaburi ya mawe yaliyobomoka. Tongoni yetu haina mawe. Kuta zake zilikuwa za udongo, na mvua ya miaka zaidi ya 130 imeurudisha udongo ule mahali ulipochimbwa. Lakini hapo ndipo ulipokuwa mji wa Kasongo wa kale, mji mkubwa na wenye watu wengi, kabla Kindu yetu haijapata reli wala kituo.

Tumependa leo kuandika habari za nyumba za mji ule: jinsi zilivyopangwa, bustani zake, na watu waliozitumikia. Na ili tuzielewe vema, tutazilinganisha na nyumba za matajiri wa Roma ya kale. Nyumba hizi zinafanana kama ndugu wasiopata kuonana. Zinafanana kwa uzuri wake, na zinafanana kwa kosa lake.

Watu wa pwani wafika Lualaba

Wafanyabiashara wa pwani na Unguja walikuja kwetu kwa njia ya Tabora na Ujiji. Walivuka ziwa Tanganyika, wakatafuta pembe za ndovu, na katika miaka ya 1860 walikuwa wamekwisha kufika mto Lualaba. Kwanza walikaa Nyangwe, ng'ambo ya kuume ya mto. Mkuu wao aliitwa Mwinyi Dugumbi. Nyangwe ilikuwa juu ya vilima viwili, na katikati palikuwa na bonde la maji. Katika bonde lile walipanda mpunga. Livingstone alifika huko mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876.

Mtu aliyeipa Kasongo sifa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wote humwita Tippu Tip. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, na yapata mwaka 1875 akaifanya Kasongo kuwa makao yake. Baadaye mwanawe Sefu alitawala hapo kwa niaba yake. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na habari zake zimechapishwa kuwa kitabu. Alikufa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ingali imesimama katika mtaa wa Shangani.

Jinsi nyumba ilivyopangwa

Watu hawa walipohama hawakuisahau nyumba ya kwao. Katika miji ya pwani, kama Lamu, tajiri alijenga nyumba ya mawe ya matumbawe. Mbele palikuwa na daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Njia ya kuingia ilipinda, ili mpita njia asione ndani. Kisha palikuwa na kiwanja cha wazi katikati ya nyumba, na vyumba vilipata mwanga na hewa kutoka kiwanjani, si kutoka barabarani. Ndani kabisa palikuwa na chumba cha mama wa nyumba, chenye zidaka nyingi ukutani za kuwekea vyombo. Yeyote aliyefika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ameona mpango huo katika nyumba za miaka mamia iliyopita.

Huko Tabora hapakuwa na matumbawe. Basi wakajenga tembe: kuta nene za udongo, dari bapa iliyofunikwa udongo, na ua katikati. Livingstone na Stanley walikaa katika tembe ya namna hiyo huko Kwihara mwaka 1872, na leo mahali hapo pamefanywa makumbusho.

Lakini huku kwetu dari bapa haifai, kwa maana mvua ya Maniema si ya kuchezea. Kwa hiyo nyumba ikavaa paa la mwinuko lililoezekwa kwa majani, likashuka chini mpaka likafunika baraza pana mbele ya ukuta. Jiwe limekuwa udongo, dari imekuwa paa, lakini mpango wa nyumba ni uleule: baraza mbele, vyumba nyuma yake, na ua ndani.

Daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na askari mwaka 1893, alichapisha kitabu mwaka 1897 akaeleza aliyoyaona. Asema kwamba nyumba kubwa zilikuwa na mahali pa kuogea. Gogo lililochimbwa ndani lilijazwa maji na kutundikwa juu, nalo lilikuwa na tundu dogo lililozibwa. Mtu akitaka kuoga alizibua tundu, na maji yakamtiririkia kwa muda mzuri. Aliona pia vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, na vyombo vya fedha na bilauri. Vitu vile vilikuja kutoka pwani kwa miezi mingi, vichwani mwa wapagazi.

Nyumba ya Mroma

Sasa twende Roma. Tunajua sana habari za nyumba za Waroma kwa sababu ya msiba. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulitapika moto na majivu, ukauzika mji wa Pompeii. Baadaye watu walipofukua majivu waliziona nyumba zikiwa na kuta zake, picha zake, hata masufuria jikoni.

Tajiri wa Pompeii aliingia kwake kwa njia nyembamba kutoka barabarani, akafika katika ukumbi mkubwa ulioitwa atrio. Juu ya ukumbi huo paa liliachwa wazi katikati. Mvua iliposhuka iliteremka kutoka pande zote nne za paa, ikaanguka katika birika la chini lililoitwa impluvio, na kutoka hapo ikaingia katika kisima kilichojengwa chini ya sakafu. Nchi ile ina kiangazi kikavu. Basi Mroma alilikaribisha tone la mvua nyumbani mwake kama mgeni. Sisi wa Maniema tunalisindikiza nje. Ndiyo maana paa lake liliinamia ndani na letu lainamia nje.

Nyuma ya atrio ilikuwako sebule ya bwana wa nyumba, na nyuma yake bustani iliyozungukwa na nguzo, waliyoiita peristilio. Huko ndiko jamaa walikotembea jioni, na vyumba vya kulia chakula vilielekea maua na maji.

Kuna tofauti moja kubwa. Mroma tajiri alikuwa na wateja wake, watu wanyonge waliomtegemea, nao walikuja asubuhi kumwamkia ndani ya atrio. Mlango ulikuwa wazi, na mgeni aliweza kuona mpaka bustanini, ili ajue nguvu za bwana. Vitruvius, mjenzi aliyeandika juu ya nyumba kabla kidogo ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, asema kwamba mtu wa kawaida hahitaji atrio kubwa, kwa kuwa yeye ndiye anayekwenda kwa wengine kuamkia. Lakini mtu wa pwani alimpokea mgeni barazani. Hapo walikunywa kahawa, wakapatana bei, wakaamua mashauri. Ua haukuwa wa wageni. Mroma alijitukuza kwa kufungua, na mtu wa pwani alijiheshimu kwa kufunga.

Bustani

Mwanamke mmoja Mmarekani, mtaalamu Wilhelmina Jashemski, alianza mwaka 1961 kuzichunguza bustani za Pompeii. Mizizi ya miti ya zamani ilikuwa imeoza na kuacha matundu ardhini. Aliyafukua matundu hayo, akayajaza saruji, na saruji ilipokauka umbo la mzizi lilitokea. Hivyo akajua mahali ulipokuwa mzabibu, na mahali ulipokuwa mti wa matunda. Hata bustani iliyokufa ina ushahidi wake.

Bustani za Kasongo Hinde aliziona zingali hai. Asema mji ulikuwa ukingoni mwa msitu mkubwa, na kwa mwendo mrefu pande zote magugu na miti vilikuwa vimefyekwa. Palikuwa na miwa, mahindi na mpunga. Alipita ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu, naye amepanda mnyama. Maghala yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Katika bustani za nyumba alikuta machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi na ndizi.

Tazama basi jinsi ua mmoja wa Kasongo ulivyokusanya dunia nzima. Mchungwa asili yake ni Asia. Mpera na nanasi vimetoka Amerika, vikaletwa Afrika kwa merikebu. Mkomamanga ulikuja kutoka nchi za Uajemi, na huo ndio mti uliokuwako katika bustani zote mbili, ya Kasongo na ya Pompeii. Waroma waliliita komamanga tofaa la Kartago. Na katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba makomamanga yalitariziwa katika pindo la joho la kuhani Haruni. Tunda moja limepita mikono mingi.

Ni mikono ya nani iliyomwagilia?

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mtu akisoma habari za ua na matunda aweza kusema moyoni: "Kumbe tulikuwa na mji mzuri!" Ni kweli. Lakini tuulize swali ambalo mgeni wa barazani hakuuliza: ni nani aliyelijaza lile gogo la kuogea? Ni nani aliyelima shamba la mwendo wa saa moja na nusu?

Jibu ni moja kwa Roma na kwa Kasongo: mtumwa. Mwandishi Mroma Varro, akihesabu vyombo vya shamba, alivigawanya mafungu matatu: vyombo vilivyo bubu, kama gari, vyombo vyenye sauti isiyo maneno, kama ng'ombe, na vyombo vinavyosema. Hivyo vya tatu ndivyo watumwa. Mwanadamu aliwekwa katika orodha moja na gari.

Na huku kwetu, wazee wanalikumbuka jina la Watambatamba, watu wenye bunduki waliovizia vijiji, wakachoma nyumba na kuwachukua wanawake, watoto na vijana. Wengine walitembezwa na pembe mabegani mpaka pwani. Wengine hawakwenda mbali: walibaki Nyangwe na Kasongo, wakalima, wakatwanga, wakachota maji ya ua. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko huko Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao kando ya mto. Wengi walijitupa majini, wakazama. Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake. Watu wa pwani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Ulaya iliwachoma watu mioyo.

Lakini kuna jambo lingine linalouma zaidi, nalo tusilifiche. Wengi wa hao Watambatamba hawakutoka ng'ambo ya bahari. Walikuwa watu wa nchi hii hii, waliotekwa utotoni, wakalelewa katika nyua zile, wakapewa kanzu na bunduki, wakajiita waungwana. Kisha wakaenda kuwateka wengine. Ngongo Lutete, aliyekuwa mkuu wa vita mwenye kuogopwa sana upande wa Lomami, husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa alipokuwa mtoto.

Jambo hili nalo lilikuwako Roma. Nyumba mojawapo iliyo nzuri sana katika Pompeii ni ile inayoitwa nyumba ya Vettii, ambayo baada ya kutengenezwa kwa miaka mingi ilifunguliwa tena kwa watazamaji mwaka 2023. Bustani yake ina sanamu zilizorusha maji kwa mabomba ya risasi. Wataalamu wengi husadiki kwamba wenye nyumba, Aulus Vettius Restitutus na Aulus Vettius Conviva, walikuwa watumwa waliopewa uhuru, kisha wakatajirika. Na upande mmoja wa nyumba hiyo kuna jiko, mahali pa watumwa wao, na masufuria yalikutwa juu ya meko. Aliyefunguliwa mnyororo alimtafutia mwenzake mnyororo.

Mwisho wa mji

Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, pale panapoitwa leo Kisangani. Lakini urafiki wa biashara haudumu. Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi pwani, na mwaka 1892 vita vikawaka kati ya serikali ya Leopold na watu wa pwani. Jeshi la Dhanis lilivuka Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya, likaingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu alikimbia, akafa mwaka uleule. Maofisa wakalala katika vitanda vya hariri, wakala machungwa ya ua.

Je, mtumwa aliyechota maji alipata uhuru siku ile? Tungependa kusema ndiyo. Lakini serikali ile ile iliyojisifu kwamba imeondoa utumwa ilimtuma mtu wa Kongo msituni kutafuta mpira kwa lazima, na kumtwika mizigo kwa kiboko, mpaka Ubelgiji ilipochukua nchi mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Bwana wa baraza alibadilika. Mchota maji alikuwa yuleyule.

Kwa hiyo tusiwanyoshee vidole jirani zetu Waislamu wa Kasongo na Kindu, kana kwamba kosa ni la dini yao peke yake. Matajiri wa Pompeii hawakuwa Waislamu. Wakristo wa Ulaya nao walinunua watu wa Kongo katika bahari ya magharibi kwa karne nyingi, hata baada ya wafalme wa Kongo kubatizwa. Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watu mwaka 1839, na Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya mwaka 1888 akiipigia kelele. Lakini kelele hizo zilikuwa zimekawia.

Filemoni naye alikuwa na nyumba

Waamini wa kwanza hawakuwa na makanisa. Walikusanyika katika nyumba za wenzao wenye nafasi. Huko Dura-Europos, katika Siria, wachimbaji walifukua nyumba yenye ua katikati, ambayo Wakristo waliigeuza kuwa mahali pa sala kabla ya mji kuangamia yapata mwaka 256. Chumba kimoja kilikuwa na kisima cha ubatizo.

Filemoni wa Kolosai alikuwa mtu wa namna hiyo: Mkristo mwema, mwenye nyumba walimokusanyika waamini, na mwenye mtumwa. Mtumwa huyo, Onesimo, alimtoroka, akamkuta Mtume Paulo kifungoni, akabatizwa. Paulo alimrudisha na barua fupi, akamwomba Filemoni ampokee kuwa zaidi ya mtumwa, yaani ndugu mpenzi. Barua haikuvunja sheria ya Roma siku ile. Lakini iliingia uani, ikagusa swali lenyewe: huyu anayechota maji ni nani kwako?

Yaliyobaki

Kuta za Tongoni zimekwisha. Wataalamu wamechimba huko katika miaka hii ya karibuni na kuwasikiliza wazee, ili habari zisipotee. Lakini yako mambo yaliyobaki bila kuchimbuliwa. Wali tunaokula Kindu kila siku ulikuja na watu wale. Machungwa na mapera ya soko yalikuwa katika bustani zile. Kiswahili tunachosalia na kununulia samaki kilipita katika baraza zile. Basi, tuvitupe? Hapana. Mpunga ule ulipandwa na mikono ya babu zetu na bibi zetu, na matunda ya jasho lao ni urithi wetu. Tusiwe na haya kuula urithi huo, ila tusimsahau aliyeulima.

Na tusidhani kwamba swali la ua limekwisha. Hapa Kindu, toka Kasuku mpaka Mikelenge na ng'ambo ya Alunguli, katika nyumba nyingi yuko mtoto aliyeletwa kutoka kijijini. Wazazi wake waliambiwa kwamba atasoma. Anaamka kabla ya wote, anachota maji, anafua, anauza karanga njiani. Wenzake wanavaa nguo za shule, yeye anabeba ndoo. Anakula mwisho, kilichobaki. Tunamwita mtoto wa ndugu yetu, na pengine ni kweli. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda, lakini sheria haiingii uani kila asubuhi. Sisi wenye nyumba ndio tunaoingia.

Mgeni akifika kwetu huketi barazani, huona ufagio umepita na maua yamemwagiwa, akatusifu. Tupokee sifa yake kwa adabu, kisha twende uani tukamtazame mwenye ndoo. Mwaka wa shule ukianza, jina lake liandikwe pamoja na majina ya watoto wetu.